Bosi amepiga hesabu ya kalvati nyuma ya stakabadhi ya petroli. Hizi programu nzito ni za nini?

#1 Mtaro_wa_Auji

Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, kwenye ofisi ndogo ya wahandisi washauri. Tumepewa kalvati moja ya barabara ya mtaa upande wa Nyamasaria. Bonde linalomwaga maji hapo lina kilomita za mraba 1.8. Nikatengeneza modeli ya pande mbili (maji yanasambaa kwa urefu na upana) kwa HEC-RAS, programu ya kuiga maji yanavyotiririka. Ardhi niliipima kwa droni, wavu (vijisanduku ambavyo programu inaigawa ardhi) nikaubana kando ya mtaro, kisha nikanyeshea mvua kubwa inayotarajiwa mara moja kwa miaka 25. Jibu: mita za ujazo 16.9 kwa sekunde, pamoja na video ya maji yakitambaa mpaka kwenye vibanda vya mama mboga.

Bosi hakuitazama video. Aligeuza stakabadhi ya petroli akaandika:

0.278 × 0.45 × 80 × 1.8 = 18

"Weka 18, na iwe kalvati ya boksi, usiniletee mabomba." Kisha akapokea simu.

Sitaki kulalamika (sawa, nalalamika kidogo). Kama mstari mmoja unatoa karibu jibu lilelile, kwa nini tunakesha na tarakilishi? Au namba zilikutana kwa bahati tu?

#2 Jaduong_Kano

Omera, pole na hongera kwa pamoja. Hiyo ndiyo CIA yetu, ile nyingine tuwaachie majasusi. C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi, I ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni eneo. Hiyo 0.278 ni ya kubadilisha vipimo tu. Wazo ni la Mulvany wa Ireland, 1851, na Kuichling akalifanyia kazi Marekani mwaka 1889. Mitaro mingi unayoruka ukienda kazini imetoka humo. Bosi wako amezeeka na hiyo fomula, usidhani ni uvivu.

#3 Wakili_wa_Wavu

Ngojeni kwanza kabla hamjamvisha bosi taji.

0.45 imetoka wapi? Weka C ya 0.3, unapata 12. Weka 0.6, unapata 24. Bonde lilelile, mvua ileile, jibu limekuwa maradufu kwa sababu mtu alikuwa na furaha siku hiyo. Na ile 80 ni ya mvua ya muda gani? Fomula inataka mvua idumu kwa muda ule tone la mbali kabisa linaochukua kufika kwenye kalvati. Kwenye stakabadhi hayo yote hayapo. Amechagua jibu kwanza, akalitafutia hesabu.

Modeli nzito angalau inakulazimisha useme hapa ni mabati, hapa ni nyasi, hapa ni ule udongo mweusi wa Kano unaopasuka kiangazi na kugeuka ubao mvua ikikolea.

#4 Mama_Vipimo

@Wakili_wa_Wavu umesema jambo la kweli, kisha ukatoka nalo kwa mlango usio wake.

Kwenye hesabu ya bosi, shaka yote imekaa mahali pamoja: C. Mimi, wewe, mkandarasi, hata diwani akitaka, tunaiona na tunaweza kubishana nayo. Kwenye modeli ya kijana shaka haikuondoka. Imegawanywa kwenye visanduku arobaini: ukwaruzo wa kila aina ya ardhi, kiasi kinachonywewa, hali ya udongo kabla ya mvua, upana wa wavu. Kila kisanduku kina namba ambayo mtu aliichukua kwenye jedwali, au aliiacha kama alivyoikuta. Jumla yake inatoa 16.9, na ile nukta tisa inamfanya msomaji adhani kuna mtu alipima.

@Mtaro_wa_Auji nikuulize swali moja la ukaguzi. Kati ya namba zote ulizoingiza, ni ipi ukiigeuza inabadilisha jibu lako kwa nusu? Bosi wako anaweza kulijibu akiwa kwenye simu.

#5 Njoro_Kijana

Mimi niko Nakuru, nina swali dogo. Stakabadhi ya petroli ikishaandikwa CIA nyuma, mhasibu bado anarudisha pesa?

#6 Mtaro_wa_Auji

@Njoro_Kijana hiyo ndiyo ilimkasirisha mhasibu kuliko mafuriko yenyewe 😂

@Mama_Vipimo nadhani ni ile ya kunywewa na ardhi. Nitaijaribu kesho.

#7 Fundi_Ekseli

Kuna kitu kati ya hivyo viwili ambacho vijana hawafundishwi siku hizi. Kuna ile modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki, ya Waingereza, ya miaka ya sitini. Nimeiweka kwenye Ekseli, ukurasa mmoja, na ninaitumia mpaka leo kwa mabonde ambayo CIA inayazidishia maji.

#8 Mama_Vipimo

Marekebisho kidogo: ripoti ni ya TRRL, maabara ya Waingereza ya utafiti wa barabara, mwandishi Fiddes, 1976. Walipima mabonde madogo ya Kenya na Uganda kwa vifaa, na ikapendekezwa kwa mabonde yasiyozidi kilomita za mraba 200. Uzuri wake ni kwamba walikubali jambo moja la hapa kwetu: mvua ikinyesha, si bonde lote linaloleta mafuriko. Kuna maji ya kwanza yanayopotea kwenye majani na udongo mkavu, halafu kuna sehemu tu ya bonde inayochangia, na baada ya hapo kuna ucheleweshaji. Mambo matatu, na kila moja lina sababu yake inayoonekana ukitembea shambani.

#9 Fundi_Ekseli

Asante Mama. 1976. Nitabadilisha kichwa cha jedwali langu kabla mwanafunzi hajaninukuu.

#10 Mizani_ya_Miwa

Naomba niwatoe kwenye maji kidogo niwapeleke kwenye miwa, maana ugonjwa ni uleule.

Kiwanda kimoja cha sukari huku magharibi, jina libaki nyumbani, kilikuwa na malalamiko ya matrekta kulala yadini. Miwa ikishakatwa haingoji mtu, inakauka na sukari inapungua huku mkulima akitazama. Uongozi ukaleta mshauri. Mshauri akatengeneza uigaji wa pande tatu: trekta zinatembea, moshi unatoka kwenye bomba, hata askari wa geti ana kofia. Tulikaa ukumbini tukapiga makofi. Pendekezo lake: nunua mizani ya pili.

Karani wa yadi, mama mmoja mwenye daftari la mistari, alinyanyua mkono. Daftari lake lilionyesha zinaingia trekta 12 kwa saa, na wakati wowote ukihesabu yadini unakuta kama 60. Gawanya 60 kwa 12, kila trekta inakaa saa 5. Hiyo peke yake haikumshangaza mtu. Akaendelea: kati ya hizo 60, mbele ya mizani hazizidi 4, nyingine zote zimeshapimwa na zinangoja kreni ya kupakulia. Ukinunua mizani ya pili utakuwa umezihamisha zile 4 zikajiunge na wenzao.

Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba tulisikia feni.

Mimi ndiye niliyeongeza ya pili, na ni hesabu ya darasani. Kwa foleni ya kawaida yenye mhudumu mmoja, mhudumu akiwa na kazi asilimia 80 ya muda, wastani wa waliopo ni 4. Asilimia 90, ni 9. Asilimia 95, ni 19. Kwa hiyo huna haja ya kreni mpya. Ukiitoa ile kreni kutoka 95 mpaka 90, kwa kuanza kazi mapema tu, foleni inakatika zaidi ya nusu.

#11 Wakili_wa_Wavu

Hadithi nzuri, lakini hesabu yako ya pili inadhani trekta zinakuja ovyoovyo, kila moja kwa wakati wake. Nani amewahi kuona hivyo? Zinakuja kwa kundi asubuhi baada ya usiku wa kupakia. Halafu kinu kinakwama, boila inashuka presha, kreni inasimama saa nzima bila kosa la mtu. Hivyo vyote haviko kwenye 4, 9, 19. Kwenye uigaji vingekuwapo.

#12 Mizani_ya_Miwa

Vingekuwapo kama mshauri angeviweka. Hakuweka kinu kinachokwama. Aliweka kofia ya askari.

Lakini nakukubalia nusu. Zikija kwa kundi na kinu kikikwama, foleni halisi ni mbaya kuliko hiyo 19. Kwa hiyo najua hesabu yangu inakosea upande gani. Uigaji wake ulikosea upande gani, mpaka leo hatujui.

#13 Dereva_Mstaafu

Mnajua kwa nini wengine wanakaa saa 5 na wengine saa moja? Kuna watu wanaruka foleni. Mjomba wa mtu yuko getini. Tia hiyo kwenye fomula yako.

#14 Mama_Vipimo

@Dereva_Mstaafu cha ajabu ni kwamba ile ya karani haijali. Inaitwa kanuni ya Little. John Little aliithibitisha 1961: idadi ya waliopo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa, kwa wastani. Haiulizi nani alitangulia nani. Mjomba akimpitisha mpwa wake, wastani unabaki saa 5. Kinachobadilika ni nani anazilipa hizo saa.

#15 Dereva_Mstaafu

Najua nani alizilipa, mama. Mimi.

#16 Wakili_wa_Wavu

Turudi kwenye maji, nisije nikaonekana nimekimbia.

Kalvati moja ya bonde la kilomita za mraba 1.8, sawa, CIA inatosha, wala sibishi sana. Nipelekeni Ahero. Nyando ikishatoka kitandani pale haifuati mto tena. Inasambaa mashambani, inakutana na tuta la barabara, inageuka, inatafuta kalvati iliyo wazi, inarudi nyuma kwenye boma ambalo halijawahi kuona maji. Ukiniuliza ni kijiji gani kitahama kwanza, hakuna stakabadhi ya petroli itakayokujibu. Hapo maji yana pande mbili kwa hiyo modeli lazima iwe na pande mbili.

Na usisahau ziwa. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, mitaro ya Dunga na Nyalenda chini ilikuwa inajaa kutoka mdomoni. CIA haijui kama kuna ziwa duniani.

#17 Mwana_Bunyala

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naingia kwa sababu mmetaja mafuriko na sisi ndio wenyewe.

Nyumbani ni nyuma ya tuta la Nzoia. Mto unatoka Cherang'ani, unapita Webuye, unapita Mumias, kisha unakuja kututembelea Budalang'i. Huku jua linawaka, watu wanaanika dagaa, kumbe juu Kitale imenyesha siku mbili mfululizo. Modeli yetu ni hii: kipimo cha juu kikipanda na cha Rwambwa kikifuata, hamisha mbuzi. Mistari miwili kwenye karatasi, maji ya juu na maji ya chini. Inafanya kazi kwa sababu mto ni mrefu na maji hayana boda boda.

Lakini inapokuja suala la tuta litakatika wapi, wahandisi wanatuletea ramani ambapo tuta ni mstari mmoja wenye urefu sawa. Sisi tunajua pale ng'ombe wanaposhukia kunywa maji tuta limelika mpaka limekuwa kama tandiko. Tunajua pale wanyama wamechimba mashimo. Ukitembea juu ya tuta baada ya mvua, unaona upande wa nyumbani unalowa kabla maji hayajafika nusu. Hayo hamna kwenye modeli nyepesi wala nzito.

#18 Wakili_wa_Wavu

@Mwana_Bunyala programu ina sehemu ya kuvunja tuta. Unaiambia mahali, upana, na saa ya kuvunjika, inakuonyesha maji yatafika wapi.

#19 Mwana_Bunyala

Na mahali unaambiwa na nani?

#20 Wakili_wa_Wavu

Na wewe. Sawa, hapo umenikamata. Ila ukishaniambia, mimi nitakuonyesha boma la nani litaingia maji saa ngapi, na wewe hutaweza kwa karatasi yako.

#21 Mwana_Bunyala

Hapo na mimi sibishi. Njoo na viatu vya mpira.

#22 Njoro_Kijana

Nyie watu wa ziwa mna bahati mnabishana juu ya maji yanayokuja polepole. Kwetu kaunti ya Nakuru, Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli la zamani kwa sababu njia ya maji chini yake iliziba kwa magogo na matope, kisha yakaachia yote kwa mara moja usiku watu wamelala. Mwanzoni kila mtu alisema ni bwawa limepasuka. Halikuwa bwawa.

Ninachotaka kusema: kila modeli niliyoiona, ya mstari mmoja au ya wavu, huchora kalvati ikiwa wazi. Mwanafunzi anaandika kipenyo mita 1.2 na anaendelea. Siku ya mafuriko kipenyo ni magogo mawili na godoro.

#23 Fundi_Ekseli

@Njoro_Kijana ofisi niliyofunzwa kazi tulikuwa na desturi ya kupiga hesabu mara mbili, mara ya pili nusu ya mdomo ikiwa imezibwa. Hakuna kanuni iliyotuambia. Ni dakika moja kwenye Ekseli. Kwenye modeli ya kuendesha usiku kucha, hutaijaribu hiyo mara ya pili, utakuwa umechoka na mteja anapiga simu. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya modeli nyepesi, unaweza kuitesa.

#24 Ndege_wa_Usoma

Naleta mfano wa mbali. Jukwaa la mafuta la Sleipner A la Norwei lilizama 1993 kwa sababu ya kompyuta. Waliamini programu, chombo kikaenda chini.

#25 Mama_Vipimo

1991 ndugu yangu, tarehe 23 Agosti, kwenye Gandsfjord karibu na Stavanger. 1993 ni mwaka jukwaa la kubadilisha lilipoanza kazi. Na si "kwa sababu ya kompyuta" hivihivi. Wavu wa elementi kwenye kuta za zege, pale seli tatu zinapokutana, ulikuwa mpana mno na wenye maumbo mabaya. Nguvu ya kukata ukuta ikahesabiwa pungufu kwa asilimia 47, chuma kikawekwa kidogo, ukuta ukapasuka chombo kikishushwa majini. Hasara ilikadiriwa kama dola milioni 700. Hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo mfano wako unakata pande zote mbili. Walipohesabu upya kwa wavu mzuri, modeli ilisema ukuta ungepasuka kina cha mita 62, na ulipasuka kwenye 65. Modeli nzito ilikuwa na uwezo wa kuwaonya. Ila na mtu mwenye kalamu angeuchukua ule ukuta kama boriti fupi, akahesabu maji yanausukuma kiasi gani, na angeona kuna kitu hakikai sawa.

#26 Wakili_wa_Wavu

Asante Mama. Kwa hiyo dawa ilikuwa wavu MZURI. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

#27 Jaduong_Kano

Iandikwe, pamoja na kalamu.

#28 Obambla_Fresh

Mnazungumza mambo makubwa, lakini kila mtu Kisumu anajua 2020 Uganda walifunga maji Jinja, pale Nile inapotokea ziwani, ndiyo sababu hoteli za ufuoni zikaingia ziwani. Hiyo haihitaji modeli.

#29 Mama_Vipimo

@Obambla_Fresh inahitaji, lakini ndogo sana. Chukua kalamu.

Ziwa Victoria lina kama kilomita za mraba 68,800. Lichukulie kama beseni lenye kuta wima. Maji yanayotoka Jinja, tuseme kwa kawaida ni mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Kwa mwezi mmoja hiyo ni kama kilomita za ujazo 2.6. Igawanye kwa eneo la ziwa. Unapata chini ya sentimita 4.

Maana yake, Uganda wangefunga lango lote, tone lisitoke, ziwa lingepanda sentimita 4 kwa mwezi kwa sababu hiyo. Kipimo cha Jinja kilikuwa mita 12.00 tarehe 1 Oktoba 2019 na 13.32 tarehe 30 Aprili 2020. Hiyo ni mita 1.32 kwa miezi saba. Kufunga kabisa kungeeleza sentimita 27 hivi. Na hawakuwa wamefunga kabisa. Sehemu kubwa ilitoka juu, maana mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe inazidi mito yote ikijumlishwa.

#30 Obambla_Fresh

Mjomba wangu hatapenda hii.

#31 Sangara_Mwanza

Shikamooni wakubwa wa ng'ambo. Nasoma kutoka Mwanza, sisi tunakunywa maji ya ziwa hilohilo.

Hesabu ya Mama ni safi, ila tusiivushe mpaka isikofika. Imeonyesha kitu ambacho hakikusababisha, kwa miezi saba. Haijasema lango la Jinja halina maana. Ziwa liliposhuka katikati ya miaka ya 2000 mpaka 2006, ukame ulikuwapo, na pia maji yalitolewa kuliko inavyoruhusu ile kanuni ya makubaliano, inayopanga maji ya kutoa kufuatana na urefu wa ziwa. Chukua beseni lile lile, ongeza utoaji wa mita za ujazo 300 kwa sekunde kwa miaka miwili. Ni sentimita 27 nyingine, safari hii kwenda chini. Kwa mvuvi mwenye gati la mbao hiyo ni mauti.

Kingine, beseni lina kuta wima, ziwa halina. Kwenye ufuo ulio tambarare, sentimita 27 ni mita nyingi za shamba.

#32 Mama_Vipimo

Kweli kabisa, jirani. Beseni linakupa urefu, halikupi ufuo. Kwa ufuo namrudishia Wakili kazi yake.

#33 Wakili_wa_Wavu

Nimeipokea. Lipeni.

#34 Mhadhiri_wa_Jioni

Nafundisha, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mrefu. Na mtu asituletee ile ya George Box, kwamba modeli zote zina makosa ila nyingine zinafaa, wote tumeiona kwenye vikombe vya chai.

Kuna hadithi aliyoisimulia mwanafizikia Freeman Dyson kwenye jarida la Nature mwaka 2004. Mwaka 1953 alimpelekea mwanafizikia mwenzake Enrico Fermi mahesabu yaliyolingana vizuri na majaribio. Fermi akamuuliza ametumia vigezo vingapi vya kujichagulia. Vinne. Fermi akamjibu kwamba rafiki yake von Neumann, mwanahisabati, alikuwa akisema kwa vigezo vinne anaweza kumchora tembo, na kwa cha tano akamfanya atikise mkonga. Dyson akaiacha kazi hiyo.

Sasa wanafunzi wangu wananiletea modeli za mabonde ya hapa kwa SWAT, programu ya kuiga maji ya bonde zima, vigezo ishirini vimesawazishwa mpaka mstari wa modeli unalala juu ya mstari wa kipimo. Nauliza: mvua umeipata wapi? "CHIRPS." Hiyo ni makadirio ya setilaiti yakichanganywa na vituo, kila mraba wake ni kama kilomita 5 kwa 5. Mwinuko wa ardhi? "Setilaiti, mita 30." Mtaro wa barabara una upana wa mita moja na nusu, kwa hiyo kwenye ramani yake haupo. Bonde la kijana wetu wa #1 lote linaingia kwenye mraba mmoja wa CHIRPS na nafasi inabaki. Hapo vigezo ishirini vinasawazishwa juu ya nini? Kwangu urahisi unaanzia kwenye data. Ukiwa na namba tatu za kuaminika, umelipa vigezo vitatu.

#35 Mtaro_wa_Auji

Mwalimu, mimi nilipima kwa droni, mtaro unaonekana hadi chupa za plastiki.

#36 Mhadhiri_wa_Jioni

Basi kwa ardhi umelipa. Mvua bado unadaiwa.

#37 Tenda_Haziishi

Niwaambie mnachokwepa wote. Hadidu za rejea zinataka modeli ya pande mbili hata kwa mtaro wa mita mia moja. Ripoti ya kurasa nne haipiti, ya kurasa mia mbili inalipwa hata kama hakuna aliyefika ukurasa wa tano. Bosi wa #1 anajua 18 ni jibu, lakini nawahakikishia ile video itawekwa kwenye kiambatisho na itatozwa. Mkitaka modeli nyepesi, badilisheni anayeandika tenda.

#38 Mtaro_wa_Auji

@Tenda_Haziishi umejuaje? Leo asubuhi ameniambia "ile video yako iweke mwisho, wateja wanapenda."

#39 Njoro_Kijana

😂😂 Mhasibu naye apewe nakala.

#40 Mizani_ya_Miwa

@Tenda_Haziishi si tenda peke yake. Yule karani wa daftari, meneja alimsikiliza siku ile kwa sababu mshauri alikuwa tayari amelipwa. Angekuja na 60 gawanya kwa 12 peke yake, bila ukumbi na bila projekta, angeambiwa arudi yadini. Nimeshuhudia watu wakikataa jibu kwa sababu lilipatikana haraka.

#41 Fundi_Ekseli

Na nyie mnaosifia urahisi mkumbuke kuna watu wanaojificha humo. Nimekuta barabara nzima kalvati zote za kipenyo kimoja, sentimita 90, kila bonde. Nikauliza hesabu iko wapi, nikaambiwa "tumetumia mbinu rahisi." Hiyo ilikuwa kunakili tu.

#42 Mtaro_wa_Auji

Wadau asanteni sana. @Mama_Vipimo nimefanya ulivyosema. Nikigeuza kiasi kinachonywewa na ardhi kati ya kiwango cha chini na cha juu cha jedwali, jibu linatembea kutoka 13 mpaka 22. Ukwaruzo unasogeza kidogo tu. Wavu hausogezi chochote cha maana.

Sasa nina kazi nyingine, mtaro wa Nyalenda, mabati kwa mabati, vichochoro vya udongo uliokanyagwa. Kwa CIA mnaweka C ngapi pale?

#43 Jaduong_Kano

0.7, usifikirie mara mbili.

#44 Fundi_Ekseli

0.7 umeitoa wapi? Nyuma ya kila nyumba kuna kipande cha sukumawiki. Sisi tunaweka 0.55.

#45 Jaduong_Kano

Sukumawiki ya Nyalenda imepandwa kwenye magunia, omera. Gunia halinywi mafuriko. 0.7.

#46 Wakili_wa_Wavu

0.55 na 0.7 ni tofauti ya zaidi ya robo. Naenda kunywa chai, mkikubaliana mniite.